Kitenzi na Neno Lake Dogo

Lugha ya kigeni, kama nyumba ya watu, ina ukumbi na ina uani. Mgeni hupokewa ukumbini kwa heshima, lakini maisha ya wenyeji yako uani. Mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki aghalabu hukipokea Kiingereza ukumbini: kitabuni, darasani na katika chumba cha mtihani. Kwa hiyo huyajua remove, depart na imitate kabla hajaijua take off. Siku aingiapo uani, yaani siku ya kuongea na wenyewe, huona kuwa maneno makubwa aliyoyahifadhi kwa taabu hayatamkwi sana, na kuwa maneno mawili madogo, ambayo kila moja alilijua tangu utotoni, yakikutana humshinda.

Take ni kutwaa. Off ni kando au mbali. Ajumlishaye mawili haya hupata kutwaa na kuweka kando. Maana hiyo ni ya kweli, lakini ni ya mlangoni tu. Mtu huvua kofia, mpishi huepua chungu, mwenye duka hupunguza bei, tabibu hukata mguu uliooza, karani huchukua siku ya mapumziko, mchezo usiopendwa huondolewa jukwaani, ndege hupaa, mwizi hutoka mbio, mcheshi huiga sauti ya mkubwa ili watu wacheke, na biashara iliyokuwa imelala huchanua ghafula. Kiswahili kimetumia vitenzi kumi kwa mambo hayo kumi. Mwingereza aweza kuyasema yote kwa take na off.

Shida hii si ya Waafrika peke yao, wala haikuanza jana. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alieleza kwamba vitenzi vya namna hii ni vingi mno katika Kiingereza, na kwamba ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kabisa. Miongoni mwa mifano yake alitaja take off, naye aliipa maana ya kuiga. Hata hivyo jambo hilo lilikaa muda mrefu bila jina lililozoeleka. Mwaka 1925 Logan Pearsall Smith alilichapisha jina phrasal verb, akisema alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford.

Asili ya maneno haya ina mafunzo. Waingereza wa kale walisema niman kwa kutwaa, neno lililo ndugu wa nehmen ya Kijerumani. Take ililetwa na watu wa Skandinavia waliovuka bahari wakaja kupigana, kisha wakakaa. Mgeni akamfukuza mwenye nyumba, na niman ikafa. Off nayo ilikuwa neno moja na of, mpaka matumizi yakawatenga. Baada ya Wanormani kuitwaa nchi mwaka 1066, yakamiminika maneno ya Kifaransa, na baadaye ya Kilatini, yakaketi mahakamani, kanisani na vyuoni. Maneno ya zamani yakabaki jikoni na shambani. Ndiyo sababu Kiingereza kina jozi nyingi: neno la joho na neno la kanga.

Kwa hiyo visawe vya take off ni ndugu, lakini si pacha. Mama humwambia mwanawe avue viatu kwa take off. Ubao wa mlangoni huwaamuru wageni kwa remove. Ratiba huandika depart. Mhasibu huandika deduct, na tabibu huandika amputate. Kuna na doff, inayokaribia kuwa ya kofia tu, nayo si nyingine ila do off iliyoshikamana hata ikawa neno moja. Imitate yaweza kuwa ya heshima, kama mwanafunzi amwigavyo fundi wake. Lakini ukisema take off, dhihaka imekwisha kuingia. Atumiaye deduct penye mazungumzo ya ndugu huonekana ana makuu, na atumiaye take off katika hati ya sheria huonekana hana adabu. Maana ni moja. Mahali pa kukaa ni pawili.

Mpangilio nao una sheria zake. Yafaa kusema take off your hat, na yafaa take your hat off. Lakini kofia ikiisha kutajwa, ikasimamiwa na it, husemwa take it off tu. Take off it ni kosa. Ndege inapopaa, kitenzi hakitaki mtendwa kabisa. Kama ni kitenzi, sauti hukazwa kwenye off. Kikigeuka jina, mkazo hurudi kwenye take.

Asiseme mtu kwamba Kiingereza kimerogwa. Kiswahili nacho hufanya kazi hiyo hiyo, ila hufanyia ndani ya neno. Toa na toka ni za shina moja, kadhalika ondoa na ondoka: mfuniko huondolewa, ndege huondoka. Vaa hugeuka vua. Funika hugeuka funua. Mwingereza huongeza neno nje. Mswahili hubadili mwisho wa neno. Tena Mwingereza ajifunzaye Kiswahili hulia kwa piga: kupiga hodi, kupiga pasi, kupiga kura, kupiga mbio, na katika yote hayo hapana aliyeumizwa. Kila lugha ina mwiba wake.

Mwiba huu waweza kuchoma zaidi ya mtihani. Mwaka 1960 mchumi wa Marekani, W. W. Rostow, alitoa kitabu kilichogawa maendeleo ya mataifa katika hatua tano, na hatua ya tatu akaiita take-off. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Wakati huo huo nchi changa zikawa zinapimwa kama ndege uwanjani. Mfasiri afanyeje? Akisema kupaa, amechukua ndege pamoja na rubani, na abiria waliokaa kimya wamefunga mikanda. Akisema kuchipua, amechukua shamba, mvua na mkono wa mkulima. Katika sura ya kwanza raia hubebwa. Katika ya pili hulima. Neno dogo limekwisha kuamua nani mtenda na nani mtendwa, kabla hoja yenyewe haijaanza.

Na madhara madogo yasidharauliwe. Mwanafunzi mwenye akili nyingi huketi kati ya wenye lugha, akasikia neno asilolijua kwa kuwa analijua vibaya. Hucheka wanapocheka, hunyamaza wanapomwuliza, na wao humdhania mzito. Si mzito, amefundishwa ukumbi, hakufundishwa uani. Mwalimu anayempa orodha ya visawe na kumwambia avihifadhi humwongezea mzigo. Afadhali ampe kila neno pamoja na jamaa zake: nani hulisema, kwa nani, juu ya kitu gani, na kwa mzaha au kwa dhati.

Neno halijulikani kwa sura yake peke yake, kama mtu asivyojulikana kwa jina lake peke yake. Hujulikana kwa watu anaokaa nao. Ajuaye take na ajuaye off hajaijua bado take off, mpaka azione zikitembea pamoja.