Mpichi wa Mama na Wale Kasuku

Wiki hii kwenye kipindi mlisikia tukimcheka mama yangu kwa kupigana vita na ndege. Baadhi yenu mkauliza: kwani ndege wanaonyonya maua si ndio wanaochavusha? Ndiyo, lakini si kila ua.

Mama ana mpichi mmoja tu nyuma ya nyumba, Blacktown. Ukichanua mwezi wa nane, lorikiti wanateremka, wale kasuku wadogo wa kichwa cha buluu. Ulimi wao una vinyweleo kama brashi, vya kufagia asali ya ua na chavua. Kwenye mikalitusi hakuna shida. Ila ua la pichi ni laini, bwana. Lorikiti analibana kwa mdomo, analitafuna, analidondosha. Na katikati ya ua kuna kakijani kadogo ambako ndiko pichi lenyewe. Kakitafunwa, hata waje nyuki mia, tunda hakuna.

"Chozi wa kwetu ana adabu," Mama anasema. (Si sana. Kwenye maua marefu chozi naye hutoboa ubavuni, akanywa bila kugusa chavua.)

Mama ni wa Bukoba, na kwake ua halijawahi kuwa pambo. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006. Bakteria hupenya kwenye makovu mabichi ya ua dume, wakibebwa hasa na wadudu. Ndege na popo nao wanatuhumiwa. Ndiyo maana watu wakafundishwa kulivunja lile ua kwa kijiti cha panda mara chane ya mwisho ikitoka. Panga hapana, linahamisha ugonjwa. Bibi aling'oa karibu migomba yote. Mama, akiwa huku, akawa anatuma hela za kununulia ndizi. Mhaya anunue ndizi! Hajasahau.

Lorikiti ni ndege wa asili hapa New South Wales, analindwa. Huwezi kumdhuru bila leseni. Wavu unaruhusiwa, lakini inashauriwa uwe wa matundu ambayo kidole hakipiti, ndege na popo wasinase. Tatizo, wavu huohuo unawasumbua nyuki.

Basi tumefunika matawi matatu, mengine ni ya lorikiti. Asubuhi Mama anafunua, anapitisha brashi yangu ya poda ua kwa ua, anafunika tena. Mwaka jana alivuna mapichi 11. Brashi sijarudishiwa.