Baisikeli katika Njia ya Wapagazi

Katika nchi yetu ya Unyamwezi baisikeli ni chombo cha kazi. Hubeba gunia la mahindi na madumu ya maji, hubeba asali kutoka porini na mkaa kwenda mjini, na pengine humpeleka mgonjwa zahanati. Hatuidharau kazi hiyo, maana hata sisi walimu wa Itetemia tusingefika shuleni mapema bila ya baisikeli. Lakini leo twataka kuwaeleza matumizi mengine ya chombo hiki, nayo ni kusafiri kwa ajili ya kuiona nchi na kuzijua habari zake. Tena tutawaeleza kosa tulilolifanya katika safari ya namna hiyo, ili mwingine asilirudie.

Waingereza wamezizoea safari hizi tangu zamani. Chama chao cha wasafiri wa baisikeli kiliundwa mwaka 1878, wakati gurudumu la mbele lilipokuwa kubwa sana na la nyuma dogo, na kuanguka kutoka juu yake kulikuwa hatari. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa baisikeli yenye magurudumu yanayokaribia kuwa sawa, na mnyororo wa kulizungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la kutiwa upepo. Tangu hapo baisikeli haikuwa tena chombo cha vijana mashujaa peke yao.

Jambo lililotupendeza zaidi katika habari zao ni hili. Kati ya miji ya Bristol na Bath palikuwa na njia ya reli iliyoachwa. Watu waliitengeneza tangu mwaka 1979 hata 1986, ikawa njia ya baisikeli na ya waendao kwa miguu, urefu wake kilomita 21 hivi. Kwa nini walichagua njia ya reli? Kwa sababu gari la moshi haliwezi kupanda mlima mkali, na kwa hiyo wajenzi wa reli hukata vilima na kuyajaza mabonde ili njia yao iwe tambarare. Basi njia iliyofanywa kuwa rahisi kwa gari la moshi imekuwa rahisi kwa mtoto, kwa mzee na kwa mtu asiye na nguvu nyingi. Na msafiri wa huko, kabla ya kuondoka, huangalia katika ramani urefu wa njia, milima yake, wingi wa magari na mahali pa kupumzika, kisha huchagua njia iliyo kadiri yake.

Sasa tugeukie kwetu. Unyanyembe haina milima mikali. Mlima wetu ni mchanga. Wakati wa kiangazi mchanga hulimeza gurudumu, na kijana mwenye nguvu hushuka akasukuma. Wakati wa masika maji husimama mbugani, na matope meusi hushikamana na matairi hata magurudumu yasizunguke. Kwa hiyo mtu akituuliza kama njia fulani ni nyepesi au ngumu, hatumwambii urefu wake tu, bali twamwuliza kwanza, atakwenda mwezi gani.

Itetemia yetu ni mahali pa kale pa watemi wa Unyanyembe, nayo iko karibu na njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Kwihara nako si mbali. Huko ndiko Livingstone na Stanley walikofika pamoja mwezi wa Februari 1872. Stanley aliondoka mwezi wa Machi, na Livingstone akabaki akiwangoja watu wa kumchukulia mizigo hata mwezi wa Agosti. Alipokufa mwaka uliofuata, Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wake kwenda pwani, wakapita Unyanyembe mwezi wa Oktoba 1873. Tembe ile imejengwa tena, nayo ni nyumba ya makumbusho. Na mwaka 2006 nchi yetu iliitia njia hii ya misafara katika orodha ya mahali inapopendekeza pawe urithi wa dunia.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, twaliwapeleka wanafunzi 14 kuona Kwihara. Baisikeli zilikuwa 9, basi wengine walipakiwa nyuma. Kati yao alikuwako mvulana ambaye mguu wake wa kushoto ulidhoofu tangu utotoni. Yeye hukanyaga kwa mguu wa kuume peke yake, na anajua sana kuendesha. Tulipomwuliza kama ataweza, alijibu, "Ndiyo, Mwalimu." Tukaridhika na jibu lile, wala hatukufikiri zaidi.

Twaliondoka alfajiri. Vijana wenye nguvu walishika mbele, wakaanza kushindana, nasi walimu, tuseme kweli, twalifurahi kushindana nao. Tukafika Kwihara mapema, tukanywa maji, tukaingia kutazama. Hata tulipowahesabu wanafunzi, mmoja hakuwapo. Twalirudi upesi kumtafuta, tukaona alama ya gurudumu lake katika mchanga mwingi, na alama za mikono yake mahali alipoanguka. Toka pale alama ziligeuka kurudi nyumbani.

Siku tatu hakuja shuleni. Siku ya nne tulikwenda kwao, tukamkuta bibi yake anapepeta mahindi. Tukamwamkia, "Mwangaluka, bibi." Akaitikia, akatupa vigoda, akanyamaza kitambo. Kisha alisema, "Wanangu walimu, mjukuu wangu hakushindwa na njia. Alikuwa anakwenda. Ninyi ndio mliokwenda mno."

Hatukuwa na jibu. Twalimwomba radhi, na mvulana naye tukamwomba radhi, ingawa si desturi ya walimu kumwomba radhi mwanafunzi. Bibi akatueleza habari alizozisikia kwa babu yake, aliyekuwa mpagazi. Katika msafara alikuwako kirangozi, ndiye aliyeshika bendera na kuongoza njia. Mwendo ulikuwa mwendo wake, na mpagazi aliyethubutu kumtangulia alitozwa faini. Twalikuwa tumelisoma jambo hilo katika vitabu vya habari za misafara, lakini hatukulitia moyoni.

Wasomaji, hatutaki kuisifu njia ile kuliko inavyostahili. Mpagazi alichukua mzigo wa kilo 30 na zaidi, siku baada ya siku. Katika njia hiyo hiyo watumwa walipelekwa pwani hali wamefungwa, na mara nyingi aliyeugua au kuchoka aliachwa afe njiani. Ndiyo sababu kosa letu lilituuma. Twaliwapeleka watoto kujifunza habari za njia ambayo wanyonge waliachwa nyuma, na sisi wenyewe tukamwacha mnyonge nyuma katika njia ile ile.

Mwezi wa Agosti twalikwenda tena. Safari hii walimu wawili walitangulia siku moja kuipima njia. Waliandika mahali penye mchanga, wakaona ya kuwa njia ndogo ya miguu, iliyopita kando ya miembe, ilikuwa na udongo mgumu, ijapokuwa ilizunguka na kurefusha mwendo. Tukaichagua hiyo. Mvulana yule tukamfanya kirangozi, tukamfungia kitambaa chekundu katika usukani wake, na sharti likawa kwamba mtu asimpite. Maji, pampu, viraka na gundi yake vilichukuliwa na wenye nguvu. Vijana wawili walinung'unika kwamba mwendo ni wa kobe. Mmoja alinyamaza alipopasukiwa tairi, akaona msafara mzima umesimama kumngojea. Wa pili alinung'unika mpaka mwisho.

Twalifika saa nne, yaani tulichelewa kuliko mara ya kwanza karibu saa nzima. Lakini wanafunzi walifika wote 14. Tena katika mwendo ule wa pole wanafunzi waliona mambo ambayo mara ya kwanza hawakuyaona: kichuguu kilichokuwa kirefu kuliko mtu, mizinga ya nyuki juu ya miti, na miembe mikubwa ambayo wazee husema ilitokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Kweli, mwenda pole hajikwai.

Kwa mwalimu au mzazi atakaye kufanya safari ya namna hii, tunatoa mashauri machache. Kwanza, ipime njia kabla ya siku yenyewe, na uitazame kwa macho ya yule aliye dhaifu kuliko wote. Njia ndefu yenye udongo mgumu ni bora kuliko ya mkato yenye mchanga. Pili, chagua safari kwa daraja. Wanaoanza waende mahali pa karibu, kama Kwihara. Waliozoea waende bwawa la Igombe. Na watu wazima wenye nguvu waende hata Sikonge, mwendo wa kilomita 70 hivi, wakijihadhari na malori. Tatu, ondokeni alfajiri kabla ya jua kali, na kila mmoja awe na maji. Nne, tazameni breki, mnyororo na matairi jioni ya siku iliyotangulia, maana baisikeli mbovu humfanya mwenye nguvu kuwa mnyonge. Tano, aliye mpole wa mwendo awe mbele, na mwalimu mmoja awe nyuma ya wote. Sita, usimwulize mtoto kama ataweza, kwa kuwa hatakujibu ila "Ndiyo". Jiulize wewe mwenyewe umemtengenezea nini ili aweze.

Mwaka huu, mvua zikiisha, twakusudia kwenda Igombe. Mvulana yetu amekwisha kutuuliza mara mbili hali ya njia ya huko. Hatujamjibu bado, kwa sababu hatujakwenda kuipima. Jumamosi ijayo walimu wawili watakwenda, na yeye ameomba kufuatana nao.