Samaki wa Pauni 44

Tuliondoka Lowell saa saba na nusu usiku, watu wawili na baiskeli mbili zimefungwa nyuma ya gari. Mwenyeji wangu ni mzee wa Homa Bay aliyeishi Massachusetts zaidi ya miaka ishirini. Tunafanya kazi zamu moja, na tangu siku aliyosikia kwamba nimezaliwa Ukerewe na kwamba baba yangu alikuwa mvuvi wa sangara, hakuniacha. Kila tukikutana kwenye chai ananiambia, "Kijana, mtu wa ziwa hakai hapa bila kumwona straipa." Mwezi Juni nikapata siku mbili za mapumziko, nikamwambia: Mzee, twende.

Straipa ni samaki wa mwambao wa Atlantiki, mwenye rangi ya fedha na mistari saba au minane myeusi inayonyooka kutoka nyuma ya mashavu hadi mkiani. Mdomo mpana na miiba ya pezi la mgongoni vilinikumbusha sangara mara tu Mzee aliponionyesha picha. Ila huyu ni msafiri. Huzaliwa kwenye maji baridi ya mito inayoingia Ghuba ya Chesapeake, na mito mingine kama Hudson na Delaware, kisha hushuka baharini. Kila mwaka, theluji ikishaisha, wazazi hupanda mito kutaga, halafu wakubwa hufuata pwani kwenda kaskazini wakiandama makundi ya samaki wadogo, hadi Massachusetts na Maine. Baridi ikikaribia, hao kusini tena. Wengi hupita kwenye Mfereji wa Cape Cod, na huko ndiko tulikokuwa tunakwenda.

Tulifika saa tisa na robo. Mfereji ule ulifunguliwa mwaka 1914 ili meli zisizunguke rasi ambayo mafungu yake ya mchanga yalikuwa yamezamisha vyombo vingi. Sehemu iliyokata nchi kavu ina urefu wa kilomita 11 hivi, na upana wa maji ni kama mita 146. Ghuba mbili zilizoko kwenye ncha zake hazijai wala kupwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo mkondo hupita humo kwa nguvu ya mto uliofurika, na baada ya saa sita hivi hugeuka ukarudi ulikotoka. Mimi nimekulia ziwani, ambako hakuna maji kujaa na kupwa. Kusimama gizani nikasikia maji yote yale yakinyamaza dakika chache, kisha yakaanza kwenda upande mwingine, kulinisahaulisha baridi.

Kingo zimepangwa mawe makubwa yenye utelezi wa mwani. Mzee alinivalisha viatu vyenye meno ya chuma chini ya soli. Juu ya mawe iko njia ya lami ambayo magari ya watu hayaruhusiwi, ndiyo maana ya baiskeli: wavuvi huwafuata samaki kwa baiskeli, fimbo zimesimama nyuma kama milingoti. Taa za vichwani zilipishana, watu wakasalimiana kwa sauti ya chini, na swali lilikuwa lile lile la mwaloni kwetu: amepatikana mkubwa?

Kwao mkubwa ana kipimo. Wa pauni 30 husifiwa, wa 40 hukumbukwa, na wa pauni 50, yaani karibu kilo 23, mtu anaweza kumtafuta umri wake wote asimpate. Wa ukubwa huo humwita "ng'ombe", kwa kuwa karibu wote ni majike. Tukingoja mkondo ushike kasi, Mzee alinisimulia habari za walioweka rekodi kama mtu anayetaja mababu zake. Mwaka 1913 Charles Church alivua wa pauni 73 karibu na kisiwa cha Cuttyhunk, hapo hapo Massachusetts, ambako matajiri walikuwa na klabu yao ya uvuvi tangu 1864 na walivua wakiwa juu ya majukwaa yaliyojengwa mwambani. Rekodi hiyo ilikaa miaka 68, hadi akapatikana wa pauni 76 huko Montauk mwaka 1981. Mwaka uliofuata, usiku wa dhoruba mwezi Septemba, Al McReynolds alisimama kwenye gati la mawe la Atlantic City akamtoa wa pauni 78 na nusu kwa chambo bandia, na samaki yule akampatia dola 250,000 katika shindano la kampuni moja ya vifaa vya uvuvi. Kisha tarehe 4 Agosti 2011 Greg Myerson, akiwa ndani ya mashua upande wa Connecticut, alitumia mkunga hai akampata wa pauni 81 na aunsi 14. Ni kilo 37. Hiyo ndiyo rekodi ya dunia.

"Na ukimpata wewe leo wa pauni 82?" nikamwuliza.

"Namrudisha."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akanieleza sheria. Tangu mwaka 2023 mvuvi wa burudani kwenye pwani hii anaruhusiwa samaki mmoja kwa siku, na awe na urefu wa inchi 28 hadi 31, yaani kama sentimita 71 hadi 79. Aliye chini anarudi majini, na aliye juu anarudi majini. Hata kumchoma kwa kulabu ili kumvuta ni marufuku.

Hapo nilikaa kimya, kwa sababu namba mbili za namna hiyo nilikua nikizisikia. Kwetu Ziwa Victoria tulizoea kanuni ya sangara wa sentimita 50 hadi 85. Ile 50 kila mtu mwaloni aliielewa, hata sisi watoto: samaki mchanga muache akue. Ile 85 hakuna aliyetueleza. Kwa baba ilikuwa kama dhuluma, maana sangara mkubwa ndiye aliyelipa ada ya shule na mafuta ya mashine. Mama alikuwa mchuuzi wa mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani, lakini siku ambayo baba aliingia na mkubwa, tulimpasua wenyewe nyumbani. Nakumbuka mayai yake: mifuko miwili ya manjano, mizito, imejaa karai mpaka ukingoni. Tuliyakaanga tukala na ugali, tukashukuru.

Kulipoanza kupambazuka, mzungu mmoja mwenye umri wa miaka sitini na kitu, hatua thelathini kutoka tuliposimama, alitoa mguno. Fimbo yake ilipinda, mshipi ukaanza kutoka kwa sauti ya kitambaa kinachochanika. Hakupiga kelele. Alianza kutembea juu ya mawe kuufuata mkondo, na wavuvi wote waliokuwa chini yake wakakusanya mishipi yao haraka wampishe, bila kuombwa. Baada ya dakika kumi na tano hivi tuliona ubavu mweupe ukijigeuza juu ya maji.

Aliingia majini hadi magotini, akatia kidole gumba mdomoni mwa samaki akamshika taya la chini. Mzee alimsaidia kupima bila kumtoa majini: urefu inchi 48, mzingo 27. Wana hesabu yao. Mzingo unauzidisha kwa wenyewe, kisha kwa urefu, unagawanya kwa 800. Ikatoka karibu pauni 44, kilo 20. Nilichuchumaa kwenye jiwe la mwisho. Jicho lake lilikuwa kubwa kuliko sarafu ya shilingi mia, na mistari yake haikuwa myeusi kama kwenye picha. Ilikuwa na rangi ya zambarau na shaba, ikibadilika kila wimbi lilipompitia. Tumbo lilikuwa limelegea. "Ameshataga," Mzee akaninong'oneza. "Mwakani atapanda tena. Jike wa hivi anabeba mayai kwa mamilioni."

Yule mvuvi alimwelekeza kichwa kwenye mkondo, akamshikilia. Hakuna aliyemharakisha. Samaki anayeachiwa si lazima apone. Wataalamu wao hukadiria kwamba 9 kati ya kila 100 wanaorudishwa hufa, na akizidi kuwekwa hewani kwa ajili ya picha, hatari huongezeka. Mwishowe taya lilifunga juu ya kidole chake, mkia ukapiga mara moja, akazama. Mvuvi akabaki ameinama, maji yakimchuruzika kwenye mikono. Alituambia amevua pale tangu ujana, na huyo ndiye mkubwa kuliko wote aliowahi kumshika. Alikosa ile 50 kwa pauni sita. Kidole chake gumba kilikuwa kimechunwa ngozi, kinatoa damu kidogo, kwa sababu meno ya straipa ni kama msasa. Alikitazama kwa furaha, akamwonyesha kila aliyekuja kumpa mkono.

Siwalaumu akina Church na McReynolds. Walivua kwa kanuni za wakati wao, na hata mimi nimelelewa na samaki wa namna hiyo. Lakini watu wa pwani hii walionja kumpoteza straipa: mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipungua kiasi kwamba Maryland ilifunga kabisa uvuvi wake kuanzia 1985 hadi 1990, na ilichukua hadi 1995 kutangazwa kwamba wamerudi. Sasa wamepungua tena, na kwa miaka kadhaa watoto wanaozaliwa Chesapeake wamekuwa wachache. Ndiyo maana ya ile inchi 31. Niliielewa nikiwa nimechuchumaa pale jiweni, na ile 85 ya Ukerewe nikaielewa papo hapo.

Mimi nilipata mmoja wa inchi 26, nikamrudisha. Mzee alipata wa 30, tukambeba Lowell, tukamkaanga na kumla kwa ugali na sukuma wiki. Nyama yake nyeupe, inaachana kwa mapande makubwa.

Jioni nilimpigia mama kumweleza habari za yule mkubwa. Alitaka kujua bei. Nikamweleza hakuuzwa. Akauliza tumemla sisi wenyewe? Nikamsimulia yote, mzingo, kidole, mkia. Alinyamaza kidogo.

"Alikuwa na mayai?"

"Ameshayataga, mama. Huko kusini alikotoka."

"Nitumie picha nimwone."

Nilikuwa nimepiga moja tu, na nilichelewa. Nikamtumia hivyo hivyo: mgongo wa mzee mmoja aliyeinama, maji yamemfika magotini, na mbele yake povu pale mkia ulipopita.