Mara ya Tano

Nimefanya kazi ya ukunga miaka 27, na matumbo ya wanawake nayajua kuliko ninavyozijua nyuso zao. Kwa hiyo Desemba 2023, binti wa marehemu dada yangu alipotoka kuoga nyumbani kwangu Malindi, leso imemteleza kidogo, niliziona zile alama chini ya kitovu: vidoa vidogo vya kijani na zambarau, kushoto na kulia. Nilidhani ni kisukari. Nikamwuliza, kwa sauti ile tunayoitumia wauguzi ili mtu asishtuke, ameanza lini kujidunga insulini.

"Si kisukari, mama mdogo," akasema. "Ni mayai."

Hapo ndipo nilipojua karo ya chuo chake Nairobi ilikuwa ikitoka wapi. Tena si karo peke yake. Juni ya mwaka huohuo alinitumia shilingi 20,000 kwa simu, tukampeleka mama yangu akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nilimwombea dua ndefu yule mtoto. Kumwuliza mwanafunzi asiye na kazi amezipata wapi, sikuuliza. Niliona heri nisijue.

Kwa msomaji ambaye jambo hili ni geni: mwezi wa kawaida mwanamke hukomaza yai moja. Anayechangia mayai hudungwa homoni kila siku, kwa siku kumi hivi, ili mayai mengi yakomae kwa pamoja. Kisha hupewa sindano ya mwisho, na baada ya saa kama 36 hulazwa kwa dawa, daktari akayavuta mayai kwa sindano ndefu inayopitia ukeni. Mayai hayo hutungishwa kwa ajili ya mwanamke ambaye yake yamekataa. Wengi huogopa kwamba akiba ya binti itaisha. Sivyo. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai milioni moja au mbili, akivunja ungo yamebaki laki tatu hivi, na kila mwezi mengine hufa bure. Dawa huyaokoa yale ambayo yangekufa mwezi ule. Binti yangu alinieleza haya kabla sijafungua mdomo. Alikuwa ameelezwa na wakala aliyempeleka kliniki, na wakala hapo alisema kweli.

Lile ambalo wakala hakulisema ni kwamba ovari zikichochewa kupita kiasi huvimba, maji yakavuja kutoka kwenye mishipa na kujaa tumboni, pengine hata kifuani. Damu huwa nzito, ikaweza kuganda. Figo nazo huweza kulemewa. Na walio katika hatari zaidi ni wasichana wenye mayai mengi, yaani haohao wanaotafutwa. Madaktari wa siku hizi wanajua kuipunguza hatari hiyo, kwa kushusha kipimo cha dawa na kubadilisha ile sindano ya mwisho. Hata hivyo, kila mara ni homoni upya, usingizi upya, na sindano mpya inayoweza kuacha damu au maambukizo.

"Mara ya tatu ndiyo ilinitesa," akaniambia. Sketi ilikataa kufungika. Akilala chali pumzi haitoshi, mwenzake wa chumbani akampangia mito alale ameketi. Wakala alimwambia kwa simu anywe maji na apumzike. Juma moja likapita, tumbo likashuka. Baada ya hapo alirudi mara mbili tena.

Nikamwuliza: mara ngapi zote? Tano. Kwa muda gani? Hata miaka miwili haijatimia.

Chama cha Tiba ya Uzazi cha Marekani kinashauri mwanamke asizidishe mara 6 maishani mwake. Idadi hiyo imetokana na busara ya wataalamu kuliko vipimo, kwa kuwa wasichana hawa wakishatoka kliniki ni wachache wanaofuatiliwa. Bara Hindi walikuwa wakali zaidi: sheria yao ya mwaka 2021 inaruhusu mara moja tu maishani, na mayai yasizidi 7. Waingereza wao wanahesabu familia, zisizidi 10 kwa kila mchangiaji, na wana daftari la taifa tangu 1991. Kwetu Kenya, wakati ninaosimulia, sheria ilikuwa haijapatikana. Muswada wa mwaka 2022 ulikuwa bado uko Bungeni. Binti yangu alikuwa amepitia kliniki tatu ambazo haziulizani. Kila moja ilimwuliza amewahi kuchangia mara ngapi, na kila alikoingia mgeni alijibu mara moja. Sasa hata ungeandika 6 ukutani kwa herufi kubwa, nani angehesabu?

Nilitaka kugomba. Lakini kwa kinywa gani, na mama ameketi barazani akiokota mawe kwenye mchele kwa jicho lile lile lililonunuliwa? Tena nimekaa na wanawake walioachwa kwa kukosa mtoto, nikawafuta machozi kwa mkono huu. Najua yai moja lina thamani gani kwa mwanamke kama huyo. Siwezi kulitukana jambo lenyewe.

Nilichofanya ni kazi niliyoizoea. Nilichukua daftari la shule nikachora mistari, kama kadi ya kliniki ya wajawazito: tarehe, mahali, dawa, idadi ya mayai, yaliyomsibu baadaye. Tulikaa hadi usiku akikumbuka, mengine kwa kutazama jumbe za simu. Mara ya pili hakuambiwa hata ni mayai mangapi. Nikaacha pale peupe. Daftari lilibaki kwangu, kwa kuwa alikataa kulibeba.

Machi alinipigia simu asubuhi. Nyuma yake nilisikia mtu akiita majina.

"Mama mdogo, naomba usinigombeze. Ile ya tatu ilikuwa mwezi gani? Hapa kuna fomu."

Nikaenda kulichukua daftari, nikavaa miwani, nikamsomea mistari yote mitano, polepole, ili awahi kuandika.