DJ WA SINGIDA NA LAPTOPU ILIYOPATWA NA UBUBU

Mjini Singida yupo DJ mmoja wa harusi, jina linahifadhiwa, ambaye mwaka jana nusura aonekane tapeli. Kisa? Laptopu kukosa sauti. Na DJ asiye na sauti, mdau, ni sawa na muuza kuku wa kienyeji asiye na kuku.

Laptopu yenyewe ni mtumba. Windows iliyokuwemo ilikuwa ya kuchakachua, inaganda katikati ya wimbo watu wakiwa wanacheza. Mshikaji wake akamwekea Ubuntu, Linux ya bure kabisa. Mashine ikawaka chap, nyepesi utadhani mpya. Alipobonyeza wimbo sasa! Mstari unatembea, spika kimya. Hamna kitu.

Zilikuwa zimebaki siku tatu harusi ifike. Kianzio cha sh. 150,000 alishapokea, na chote kilishaenda kwenye ada ya mdogo wake anayesoma bweni Manyoni.

Akakimbilia kwa fundi. Fundi akaiwasha, akapandisha sauti, akatikisa kichwa. "Sauti ya ndani imekufa, dogo. Hiyo ni bodi. Andaa 80,000." Kufika jioni, kamati ya harusi ilishapata habari na imeanza kuulizia DJ wa Dodoma. Hapo ndipo palipomuuma. Hela hutafutwa, ila jina likishachafuka mjini padogo, kulisafisha ni kazi.

Dada mmoja wa duka la stesheni, anayemprintia vipeperushi vyake, akamuuliza swali moja tu: "Kaka, imekufa au imenyamazishwa?"

Kwa anayeanza Linux, hilo ndilo swali la kwanza. Sauti inapita hatua kadhaa mpaka ifike kwenye spika. Inatoka kwenye programu ya muziki, inakwenda kwa PulseAudio, au PipeWire kwenye matoleo mapya, inayoamua itokee wapi. Halafu inapokelewa na ALSA, inayoongea na kadi ya sauti yenyewe. Chukulia ni bomba lenye koki kila kona. Koki moja ikifungwa maji hayatoki, ingawa bomba ni zima.

Wakaanza kukagua koki moja moja. Waliunganisha spika ya Bluetooth, ikalia. Kwa hiyo wimbo mzima, programu nzima. Wakafungua terminal, kile kidirisha cha kuandika amri, wakaandika aplay -l. Jina la kadi ya sauti likatokea. Maana yake kompyuta inaiona kadi, habari ya bodi kufa ikaanza kutia shaka.

Wakaingia kwenye mipangilio ya sauti. Kumbe sauti ilielekezwa HDMI, njia ya kwenda kwenye TV, na TV haipo! Wakairudisha kwenye spika za laptopu. Bado kimya.

Ikabaki koki ya mwisho. Wakaandika alsamixer, wakabonyeza F6 kuchagua kadi yenyewe, zikatokea nguzo za sauti. Chini ya nguzo ya Speaker pameandikwa MM. Hizo herufi zinamaanisha imenyamazishwa. Wakabonyeza M, ikageuka OO, wakapandisha kwa mshale wa juu. Kisha wakaandika speaker-test -c 2. Shhhhh! Kushoto, halafu kulia, kama chapati kwenye kikaango. Kijana aliruka mpaka wateja wa dukani wakageuka. Wakamalizia na sudo alsactl store ili mashine isisahau ikizimwa. Hakuna kilichobadilishwa, hakuna senti iliyotoka, na ya Dodoma yakaishia hapo.

Fundi naye asitukanwe. Amezoea Windows, na kwenye Windows kitufe kile cha sauti mara nyingi kinatosha.

Wengi huikimbia Linux wakidhani ni ya wazungu wenye digrii. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi tu, Finland. Ubuntu ilikuja 2004 kwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wabongo walishaingia humo zamani.

Ukitaka kuhama, jaribu kwanza. Flashi ya Ubuntu inakuruhusu kuwasha mashine bila kufuta chochote, hivyo piga wimbo hapohapo usikie. Na kama aplay -l haionyeshi kadi yoyote, hiyo ni kesi nyingine: jaribu toleo jipya zaidi kwa flashi, maana huenda lina dereva wa kadi yako. Hayo yote fanya kabla hujaandaa 80,000 ya mtu.