Mdiria Yupi?

Mshairi anapotia neno mdiria katika ubeti, mimi humwuliza: yupi? Afrika Mashariki ina wawili wa jina hilo walio karibu mno kwa nasaba na kwa sura. Wote wana mgongo wa samawati, mabega meusi na kifua cha rangi ya mawingu.

Watazame midomoni. Mdomo wa mdiria wa misitu ni mwekundu juu, mweusi chini. Wa yule wa mikoko ni mwekundu wote. Kisha watazame wanachokula. Ukoo wao unasifika kwa uvuvi, lakini wa misitu huishi zaidi kwa panzi na wadudu wengine wa nchi kavu. Wa mikoko huwinda pia kaa na samaki wadogo.

Wataalamu nao waliwatofautisha, ila kwa namna inayonikera. Mwaka 1766 Linnaeus alimwita wa misitu *senegalensis*, yaani wa Senegali. Mwaka 1834 Andrew Smith alimpa wa mikoko jina *senegaloides*: afananaye na wa Senegali. Ndege huyo ni wa upande huu wa bara, mkaazi wa mwambao wa Bahari ya Hindi, lakini ameandikwa daftarini kuwa mfano wa mwingine.

Hapo ndipo ninapoiogopa tashbihi. Mfano humfungulia msikilizaji mlango. Ukiachwa peke yake, humsahaulisha mwenye nyumba. Nasi tunaosema mdiria tu hatujamtendea haki zaidi. Mikoko inakatwa kwa boriti, kuni na makaa. Siku ndege wake atakapopungua, neno letu halitapungukiwa na kitu, kwa kuwa wa misitu atabaki kulijaza. Tutaendelea kuimba mdiria, tusijue kwamba mmoja hayupo.

Wala arudhi si kizuizi. Hesabu: m-di-ri-a-wa-mi-ko-ko, mizani nane. M-di-ri-a-wa-mi-si-tu, nane vilevile. Kila jina linajaza kipande kizima cha mshororo wa kumi na sita, na utao unabaki huru kueleza mdomo, mlo au makazi. Najua jina la mikoko nalo halimtoshi, kwani ndege huyo huingia hata misitu ya pwani. Walakini linamtaja kwa mahali pake, si kwa jirani yake.

Basi, malenga wenzangu, akiingia mdiria katika shairi lako, mpe mizani zake nane.