Nanga na Mchanga

Nanga haishiki kwa uzito wake peke yake. Hushika kwa namna ivutwavyo. Mchanga ni rafiki mwema wa nanga, lakini urafiki wake ni kwa ile ivutwayo hali imelala. Ikivutwa kwenda juu, hung'oka. Kwa sababu hii nahodha wa mashua ya matanga hupima kina cha maji, akaongeza kimo cha omo na maji yatakayojaa, kisha akatoa mnyororo mara 5 ya jumla hiyo, au amari ya kamba mara 7. Baadaye huirudisha mashua nyuma polepole, nanga ijizike, akatazama alama mbili za nchi kavu zilizo mstari mmoja: zisipoachana, chombo kimeshika.

Lakini elimu ya kutia nanga haitoshi pasipo elimu ya kuondoka. Desemba 1982 vyombo vingi vilitia nanga katika ghuba ya Cabo San Lucas, Meksiko. Kina cha huko hushuka ghafula. Basi vilisongamana karibu na ufuko, bila nafasi ya mnyororo mrefu. Usiku upepo ukageuka, ukavuma kutoka baharini. Vyombo zaidi ya 20 vilitupwa mchangani. Kimoja kilikuwa Joshua, cha Bernard Moitessier, Mfaransa aliyezunguka rasi kuu za dunia peke yake mwaka 1968 na 1969.

Bahari haikuuliza sifa za mtu. Ghuba iliyo kimbilio kwa upepo mmoja ni mtego kwa mwingine. Mwenye hekima huitazama njia ya kutokea kabla ya kutupa nanga.